Nyasi na mchungwa kwenye ua mmoja: dalili za matatizo, visababishi na tiba

"Namwagilia kila siku. Nyasi zinapendeza, lakini mchungwa unazidi kuwa wa njano." Lalamiko hili husikika kuliko mengine yote, iwe mti ni mchungwa, mlimau, mdimu au mchenza. Ugumu wake ni kwamba maji hayohayo yanaweza kuwa yamezidi kwa mti, au hayaufikii kabisa, na kwa kutazama majani peke yake hutajua ni lipi. Ndiyo maana vipengele vingi hapa chini vinaanza kwa kuchimba kashimo kadogo kabla ya kununua dawa au mbolea yoyote.

Andaa vitu vichache: bisibisi refu, koleo dogo, kisu kikali, makopo mawili matatu yaliyo wazi juu, na kalamu. Kwa matatizo mengi ya ua, hivyo vinatosha.

Kwanza, jua tofauti za mimea hii miwili

Jani la nyasi hukua kutokea chini, karibu na udongo. Ukilikata ncha leo, baada ya siku chache limerefuka tena. Mti hukua kwenye ncha za matawi, na shina lake hunenepa kutokana na tabaka jembamba lenye uhai lililo chini tu ya gome. Jeraha ambalo kwa nyasi ni kazi ya kawaida ya kila wiki, kwenye shina la mchungwa linaweza kuwa kifo.

Mizizi ya nyasi mingi iko kwenye sentimita 10 hadi 15 za juu. Mizizi ya mchungwa inayotafuta chakula huwa ndani ya sentimita 60 za juu, na sehemu kubwa iko kwenye 30 za kwanza. Tena huenea nje kupita mwisho wa kivuli cha matawi. Kwa hiyo nyasi zimekaa juu kabisa ya mizizi ya mti, na maji na mbolea huzipitia kwanza. Mchungwa hauna wingi wa vinyweleo vya mizizi kama nyasi. Hutegemea sana kuvu wema wanaoishi kwenye mizizi yake. Katika kugombea chakula, mche mchanga hushindwa na nyasi karibu kila mara.

Tofauti ya tatu ni ya aina. Nyasi ni mmea wa jani jembamba, mchungwa ni wa jani pana. Dawa inayoua magugu ya majani mapana bila kudhuru nyasi haiwezi kutofautisha gugu na mchungwa wako.

Dalili: majani ya mti ni ya njano, nyasi ni za kijani

Usishtuke kwa majani machache. Jani la mchungwa huishi mwaka mmoja hadi miwili, kisha hugeuka njano na kuanguka, hasa wakati mti unachipua upya. Tatizo lipo pale majani mengi yanapobadilika kwa pamoja, au majani machanga yanapotoka yakiwa ya njano tayari.

*Kisababishi kinachoongoza ni maji.* Chimba shimo la sentimita 25 hadi 30 pale kivuli cha matawi kinapoishia. Chukua udongo wa chini kabisa, uufumbate.

Ukitoa maji au ukinata kama ugali mbichi, na hasa ukinuka uozo, mti umezama. Tazama na mizizi midogo: iliyo hai ni myeupe au ya manjano hafifu na ni migumu kidogo, iliyooza ni ya kahawia, na ukiivuta, ganda lake huvuka na kubakiza uzi wa katikati. Acha kumwagilia mpaka udongo wa kina cha sentimita 10 ukauke. Kama ardhi ni ya mfinyanzi na maji hutuama baada ya mvua, chimba mfereji wa kuyatoa.

Ukiwa vumbi kavu chini huku juu kumelowa, hali ni kinyume chake. Kinyunyizio cha dakika chache kila siku hulowesha sentimita chache za juu, nyasi zinayanywa yote, na mti unabaki na kiu katikati ya bustani ya kijani. Weka makopo juu ya nyasi, fungua kinyunyizio kwa dakika 15, pima kina cha maji yaliyoingia. Milimita moja ya maji ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Nyasi nyingi zinatosheka na takriban milimita 25 kwa wiki wakati wa joto, na ni bora zitolewe kwa mara moja au mbili kuliko kwa vipande saba. Mti wenye kivuli cha upana wa mita 3 umefunika kama mita 7 za mraba; kuulowesha kwa milimita 25 ni lita 175. Ndoo moja ya asubuhi haifiki huko.

Mche uliopandwa mwaka huu ni tofauti: mizizi yake bado iko kwenye donge lililotoka nalo kitaluni. Huo unahitaji maji kidogo na ya karibu karibu, ukipunguza kadiri unavyoshika.

*Kinachofuata ni njaa ya naitrojeni.* Majani ya zamani hupauka yote sawasawa, mishipa na katikati yake, na machipukizi mapya huwa machache na mafupi. Mara nyingi nyasi zimefika hadi kwenye shina. Tiba ya kwanza ni kuondoa nyasi. Fungua duara lisilo na nyasi, angalau sentimita 60 kutoka kwenye shina kila upande kwa mche, na ulipanue mti unapokua. Usilime kwa jembe, utakata mizizi. Kwangua nyasi juu juu, tandaza maboksi yaliyoloweshwa, kisha weka matandazo ya majani makavu au vipande vya mbao, unene wa sentimita 5 hadi 8. Yaishie kiasi cha sentimita 20 hadi 30 kabla ya kufika kwenye shina.

*Baada ya hapo ni upungufu wa madini madogo*, na hapa majani yenyewe husema. Jani changa la njano lenye mishipa ya kijani iliyochorwa kama wavu: chuma. Majani machanga madogo, membamba, yenye mabaka ya njano kati ya mishipa: zinki. Jani la ukubwa wa kawaida lenye michirizi hafifu iliyopauka kati ya mishipa: manganizi. Jani la zamani la njano lililobakiza pembetatu ya kijani kwenye kikonyo: magnesiamu.

Matatu ya mwanzo mara nyingi hayapungui kwenye udongo. Yapo, ila mti hauwezi kuyachukua kwa sababu pH (kipimo cha uchachu wa udongo; ikipanda, uchachu hupungua) iko juu. Mchungwa hupenda pH ya kama 6 hadi 7, na ikipita 7.5 shida huanza. Angalia kama mti uko kando ya ukuta mpya, njia ya zege au mahali mafundi walipomwaga mabaki ya saruji na chokaa. Angalia pia kama kuna mtu alimwaga chokaa kwenye nyasi ili kupunguza uchachu wa udongo. Kwa nyasi inaweza kuwa ilifaa, kwa mti ikawa kufuli. Pima udongo kabla ya kutibu. Kupulizia zinki na manganizi kwenye majani machanga huleta nafuu ya haraka. Chuma hutolewa vizuri zaidi kupitia udongo, kwa aina iliyotengenezwa kwa ajili ya pH kubwa, kwani ile ya kawaida hufungwa tena mara moja.

*Cha mwisho kwa uwezekano, lakini cha kwanza kwa ubaya*, ni ugonjwa wa kijani, unaojulikana kitaalamu kama huanglongbing. Husababishwa na bakteria wanaosambazwa na vidudu wadogo wanaofyonza utomvu kwenye machipukizi. Upungufu wa madini huchora pande mbili za jani kwa kufanana, kushoto na kulia kwa mshipa mkuu. Ugonjwa huu hauheshimu mpangilio huo. Chora kwa kalamu duara mbili za ukubwa mmoja, moja kila upande wa mshipa mkuu, mahali palepale. Kama upande mmoja ni wa njano na mwingine wa kijani, na hali ni hiyo kwenye majani mengi ya tawi moja, chukulia kwa uzito. Tazama na matunda: madogo, yaliyopinda, yanayobaki ya kijani upande wa chini, yenye mbegu zilizosinyaa.

*Ishia hapo.* Usikate tawi ukampa jirani achunguze, usihamishe mche wala majani. Piga picha, mwite afisa ugani. Ugonjwa huu hauna tiba. Jimbo la Florida, Marekani, liliugundua mwaka 2005, na kilimo chake cha machungwa kimeporomoka vibaya tangu hapo. Mti mmoja wa uani unaweza kuwa chanzo kwa miti ya mtaa mzima.

Dalili: gome la chini limejeruhiwa, limepasuka au linatoa gundi

Hili ndilo ningependa kila mwenye mti katikati ya nyasi alisome hata kama mti wake ni mzima.

Nilikuwa na mlimau wa miaka minne uliozaa vizuri. Kila tulipokata nyasi, mashine ya kamba iligusa shina kidogo, mara upande huu, mara upande ule. Hakuna siku iliyoonekana ya hatari. Baada ya miezi kadhaa majani yalianza kupoteza mng'ao, kisha matawi ya juu yakakauka. Nilimwaga mbolea, nikaongeza maji. Nilipokuja kupiga magoti na kuzitenga nyasi kwa mikono, gome lilikuwa limekwanguliwa mduara mzima wa shina, upana wa vidole viwili. Mti ulikuwa unakufa taratibu kwa njaa ya mizizi: chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwa kupitia gome la ndani, na njia hiyo ilikuwa imekatwa.

Kwa hiyo anza hivi. Piga magoti. Ondoa nyasi, matandazo na udongo vilivyoegemea shina mpaka uone sehemu ambapo mizizi ya kwanza inaanza kutanuka.

*Jeraha la mashine* ndicho kisababishi cha kawaida. Lipo usawa wa urefu wa nyasi, kingo zake zimechanika, mara nyingi ni kavu. Kwangua kidogo kwa ncha ya kisu pembeni mwa jeraha: kijani au cheupe chenye unyevu ni hai, kahawia kikavu kimekufa. Kama jeraha halijafika nusu ya mzunguko, safisha kingo kwa kisu kilichopanguswa kwa spiriti na uache wazi likauke. Usipake rangi ya nyumba wala lami. Mti utajifunga wenyewe. Kisha ondoa sababu: hilo duara lisilo na nyasi linahakikisha kwamba hakuna mashine inayolazimika kufika karibu.

*Kuoza kwa shina la chini* hufuata. Gundi ya rangi ya kahawia hutoka kwenye nyufa za gome, na ukikwangua, gome la ndani limekuwa la kahawia na linateleza. Wanaosababisha ni vimelea vya Phytophthora vinavyoishi kwenye udongo, na mbegu zao huogelea kwenye maji. Kinyunyizio cha nyasi kinachopiga shina kila asubuhi kinawasafirisha mpaka mlangoni. Hatari ni kubwa zaidi kama mche ulibebeshwa, yaani aina moja iliunganishwa juu ya shina la aina nyingine, na kovu la kubebeshea limefukiwa. Kovu hilo linapaswa kuwa juu ya udongo kwa kama sentimita 15, kwa sababu shina la chini mara nyingi huchaguliwa kwa ustahimilivu wake, na lile la juu halina kinga hiyo.

Fukua udongo uliofunika kovu. Geuza kinyunyizio. Kata gome lililooza mpaka ufike kwenye gome zima, acha sehemu ikauke siku chache, kisha paka dawa ya shaba kwa kufuata maelezo ya kwenye kibandiko. Maji ya mti yaende kwenye kingo za kivuli, yasiguse shina tena.

*Kinachotokea kwa nadra* ni wadudu wanaotoboa shina. Utaona tundu na unga kama wa msumeno chini yake. Kwa tundu moja, sukuma waya laini ndani umfikie funza.

*Ishia hapo na uite mtaalamu* kama jeraha au uozo umezunguka zaidi ya nusu ya shina. Mtu mwenye ujuzi wa kubebesha anaweza kuunganisha vijiti hai juu na chini ya jeraha viwe daraja, lakini si kazi ya kujifunzia kwenye mti unaoupenda. Mti mkubwa uliooza chini na kuanza kuegemea nyumba, njia au waya za umeme usiuguse kabisa.

Dalili: majani ya mti yamejikunja

Angalia muda. Yakijikunja kwa ndani mchana na kunyooka asubuhi, ni kiu. Yakibaki yamejikunja hata asubuhi, chimba lile shimo: mizizi iliyooza haiwezi kunywa, hivyo mti uliozama hujikunja sawa na wenye kiu. Ukiongeza maji hapo unaumalizia.

Yakiwa ni majani machanga peke yake, yageuze. Vidukari wamejazana upande wa chini na kuyakunja. Mpira wa maji wenye nguvu huwaangusha wengi. Mistari ya fedha iliyopindapinda ndani ya jani ni kazi ya kiwavi mdogo anayechimba kati ya ngozi mbili za jani. Kwa mti mkubwa ni aibu ya sura tu. Usiyakate majani hayo, yanaendelea kulisha mti, na kukata huchochea machipukizi mapya ambayo ndiyo anayoyapenda.

Kisha jiulize: je, kuna mtu alipiga dawa ya magugu kwenye nyasi wiki mbili tatu zilizopita? Majani machanga yaliyopinda kama kijiko, yaliyosokotwa, yenye mishipa iliyokaribiana isivyo kawaida, ni alama za dawa ya majani mapana kama 2,4-D iliyopeperushwa na upepo. Jambo la kushangaza ni kwamba wakulima wakubwa wa machungwa hutumia dawa hiyohiyo kwa kiwango kidogo sana kuzuia matunda yasidondoke mapema. Tofauti ni kipimo, na kipimo hicho si cha kukisia nyumbani.

Mti uliopeperushiwa kidogo hupona. Usiukate, usiupe mbolea, upe maji ya kawaida na usubiri chipukizi linalofuata. Hatari zaidi ni mbolea ya nyasi iliyochanganywa na dawa ya magugu. Watu huimwaga kwenye bustani nzima bila kukumbuka kwamba mizizi ya mti ipo chini ya nyasi hizo. Baadhi ya dawa hizo, kwa mfano dikamba, hupita udongoni na kuchukuliwa na mizizi. Soma kibandiko, kikitaja magugu ya majani mapana, mfuko huo usikaribie eneo la mizizi. Na dawa zinazoua kila mmea, kama glaifoseti, zisiguse gome changa ambalo bado ni la kijani, kwani gome hilo hufyonza kama jani.

Dalili: nyasi zinakonda na kufa chini ya mti

Hapa mti ndio ulioshinda. Ukoka unataka jua la moja kwa moja kwa karibu saa sita au zaidi kwa siku, na mchungwa haupukutishi majani yote msimu wowote, kwa hiyo kivuli chake hakipumziki. Aina za nyasi zenye majani mapana kuliko ya ukoka huvumilia kivuli zaidi, ila nazo zina mwisho.

Unaweza kupandisha kimo cha kukatia na kukata vitawi vya chini vinavyogusa ardhi. Ushauri wangu wa dhati ni kuacha kupigania eneo hilo. Weka matandazo. Usimwage udongo mpya juu ya mizizi ili kupanda nyasi upya. Sentimita kumi za udongo wa mfinyanzi zinaweza kuinyima mizizi hewa na kuua mti mzima.

Dalili: mabaka ya kahawia kwenye nyasi, mbali na mti

Tazama ncha za majani kwanza. Zikiwa zimechanika na kupauka, kisu cha mashine ni butu, kinoe. Kama baka limetokea siku chache baada ya kukata, huenda ulikata chini mno. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mara moja. Ukoka hukatwa kwa kimo cha sentimita 2.5 hadi 5, nyasi za majani mapana sentimita 7 hadi 10.

Tembea juu ya nyasi. Nyayo zikibaki zimelala na rangi imekuwa ya kijivu-bluu, ni kiu. Chomeka bisibisi: lisipoingia sentimita 10 hata baada ya kumwagilia, udongo umeshindiliwa na unahitaji kutobolewa kwa uma wa bustani. Baka dogo la mviringo lililokauka katikati na lenye pete ya kijani kibichi sana ni mkojo wa mbwa. Mwaga maji mengi palepale.

Kisha wadudu. Vuta nyasi kwa mkono. Zikiinuka kama mkeka, mizizi imeliwa na funza weupe waliojikunja. Kata mraba wa sentimita 30 kwa 30, uufunue, uwahesabu: mmoja au wawili si tatizo, wakizidi watano hadi kumi tafuta tiba. Kama nyasi zimetoweka kwa usiku mmoja au miwili, shuku viwavijeshi. Changanya vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji ya vyombo kwenye lita 4 za maji, mwaga kwenye mita moja ya mraba, subiri dakika kumi. Viwavi watapanda juu. Suuza baadaye.

Kuvu huja mwisho kwenye orodha hii: mabaka ya mviringo yanayopanuka wakati wa joto na unyevu, hasa baada ya naitrojeni nyingi na kumwagilia jioni. Hamishia maji alfajiri kabla ya kufikiria dawa.

Dalili: majani yamepakwa masizi meusi, na sisimizi wanapanda shina

Masizi ni kuvu anayeota juu ya majimaji matamu yanayodondoshwa na wadudu wafyonzaji: vidukari, magamba, inzi weupe, vidung'ata. Sisimizi huwalinda wadudu hao dhidi ya maadui wao kwa ajili ya utamu huo. Funga utepe wa karatasi au kitambaa kuzunguka shina na upake mafuta mazito ya kunata juu ya utepe, si kwenye gome. Kata matawi na nyasi ndefu zinazogusa mti, maana ni madaraja. Osha majani. Wakibaki wengi, pulizia mafuta ya bustani au sabuni ya wadudu asubuhi au jioni, kamwe si mti wenye kiu wala siku yenye joto la nyuzi 32 au zaidi, majani yataungua.

Dalili: majani mengi, matunda machache yenye ganda nene

Kudondoka kwa maua na vitunda vidogo kwa wingi ni kawaida. Ni asilimia chache tu ya maua zinazofika kuwa tunda la kuvunwa. Matunda makubwa yakipasuka, tafuta ukame uliofuatwa na maji mengi ya ghafla.

Ila kama mti umejaa majani ya kijani kizito na matunda ni machache, yanachelewa kuiva na yana ganda nene, fanya hesabu. Kipimo cha kawaida cha nyasi ni gramu 5 za naitrojeni kwa mita ya mraba kila mara. Mti wenye kivuli cha upana wa mita 5 umefunika karibu mita 20 za mraba, yaani gramu 100 kila unapolisha nyasi zilizo juu ya mizizi yake. Mara tano kwa mwaka ni nusu kilo, na nusu kilo ya naitrojeni ndiyo kiasi cha mwaka mzima kwa mchungwa mkubwa. Nyasi zitachukua sehemu yake, lakini ukiongezea na mbolea ya mti wenyewe umeshapita. Acha kulisha nyasi kwenye eneo hilo; lisha mti peke yake, kwa mafungu matatu.

Usisubiri tunda liwe la rangi ya chungwa kama unaishi mahali ambapo usiku hauna baridi. Rangi hiyo huletwa na baridi. Onja.

Dalili: ncha za majani ya mti zimeungua, nyasi hazina shida

Ni chumvi, ama ya maji ya kisima ama ya mbolea iliyorundikwa sehemu moja. Ukoka huvumilia chumvi kiasi kinachozidi mara nne kile kinachoanza kupunguza mavuno ya mchungwa, kwa hiyo uzima wa nyasi hauthibitishi kwamba maji ni salama. Kwangua mbolea iliyobaki juu, kisha lowesha kwa kina kirefu kwa maji yasiyo na chumvi ili isukumwe chini ya mizizi. Ikiwa kisima ndicho tegemeo pekee, peleka maji maabara yapimwe kabla ya kupanda mti mwingine.

Dalili: matunda yamegeuka machungu na miiba imeongezeka

Fuata tawi lenye miiba kutoka juu mpaka linapotokea. Likitokea chini ya kovu la kubebeshea, hilo ni chipukizi la shina la chini, si chungwa ulilolipanda. Majani yake yanaweza kuwa tofauti, wakati mwingine matatu matatu kwenye kikonyo kimoja. Ling'oe kwa mkono likiwa laini, maana ukilikata huchipua tena. Lililokomaa likate likiwa limebana kabisa na shina.

Kama sehemu ya juu imeshakufa na yote iliyobaki ni miiba, ng'oa na uanze na mche mwingine uliobebeshwa, ambao kwa kawaida huanza kuzaa baada ya miaka miwili hadi minne. Kama wa kwanza ulikufa kwa kuoza, usiurudishe kwenye shimo lilelile. Kabla hujaupanda, fungua lile duara lisilo na nyasi, na ugeuze kinyunyizio kitazame upande mwingine.